Mtaa wa Jabe Umetoshwa Walimu

Mwezi wa tano, mwaka wa sabini na mbili, Bujumbura hapakufa mtu. Ndivyo ilivyokuwa redioni. Matangazo ya vifo, yale ambayo wazee waliyangoja kila mchana kuliko hata muziki, yalifutwa kwa amri ya jeshi siku ileile wanajeshi walipoingiza kitanda chao cha kukunja katika chumba cha habari. Mtu akizikwa, azikwe kimya. Asipozikwa, kimya zaidi.

Odette ndiye aliyekuwa akisoma habari kwa Kiswahili. Alizaliwa Jabe, na baba yake alikuwa mtu wa Bukavu aliyekuja kutafuta kazi enzi za Wabelgiji akafia hapahapa. Mama yake, Béatrice, mzaliwa wa Rumonge, aliuza vitenge sokoni. Masista walimsomesha Odette mpaka akatoka na diploma ya ualimu, lakini ubao na chaki hakuvipenda. Alichopenda ni lugha. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi wa fundi mwashi, naye alijivuna nacho bila haya, mpaka pale kwenye meza ya vitenge ya mama yake, ambapo aliwasahihisha wateja kana kwamba wamelipia somo.

"Tosha ile nyekundu ya juu niione," mteja angesema.

"Toa," Odette angesema. "Nipe, nitolee, nishushie, chagua. Lakini usiseme *tosha*. Kutosha ni kuwa kiasi. Chakula kinatosha. Kitenge hakitoshwi juu ya kamba."

Watu wa Jabe walicheka hadi machozi. Kwao, kama kwa Wakongomani wote waliowazunguka, kutosha ni kutoa: unatosha sufuria jikoni, unatosha kiatu mguuni, unatosha mutoto mu masomo kama pesa ya karo imekosa. "Dada Odette," walimwambia, "we unasemaka Kiswahili ya kuingia nayo mbinguni. Sisi tuko na Kiswahili ya kukulia."

Aliyemcheka kuliko wote ni kaka yake, Honoré, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa makusudi alisema *kutosha* mara nyingi kadiri alivyoweza mbele yake. "Unitoshee maji, dada. Unitoshee chumvi. Unitoshee hasira."

Basi mwezi ule malori yakaja Jabe.

Yalikuja mchana peupe, yakawachukua watu wenye kalamu mfukoni: walimu, makarani, vijana wa sekondari. Kila mtu alijua kwa nini, ni kabila lao na shule waliyosoma, na hakuna aliyetamka. Honoré alinusurika kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa amekwenda Mutanga Sud, mtaa wa wakubwa ulio juu ya mji, kumfundisha mtoto wa profesa mmoja mgeni. Alipopata habari hakurudi. Kesho yake profesa akapanda ndege na familia yake. Aliyebaki ni Candide, mwanamke aliyekuwa akiwafulia nguo, ambaye alikaa katika kijumba cha uani. Candide alimwingiza Honoré humo, akafunga mlango, akaendelea kuanika mashuka ya watu wasiokuwepo ili majirani waone kamba imejaa.

Tangu siku hiyo Odette aliishi kwa jambo moja tu: Honoré asitoke mle ndani mpaka njia ya Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ifunguke.

Redioni, kazi ilikuwa imebadilika. Kila karatasi ya habari ilipita mikononi mwa Luteni Astère kabla ya kufika kwenye kipaza sauti. Alikuwa kijana wa shingo ndefu, mwenye adabu nyingi, aliyepelekwa kwenye kozi ya kijeshi Tanzania akarudi na Kiswahili cha vitabuni alichokipenda kuliko bastola yake. Hakukasirika ovyo. Alifuta. *Vita* alifuta, akaandika *fujo*. Kesho yake akaifuta *fujo* pia. *Lori* lilikuwa neno baya. *Mwanafunzi* lilikuwa neno baya kama linafuatwa na *hayupo*. Mara moja alifuta bei ya ndagala, kwa kuwa bei ilikuwa imepanda, na bei ikipanda mtu atauliza wavuvi wako wapi.

"Katika nyumba hii," alimwambia Odette siku moja huku akimrudishia karatasi yake kwa mikono miwili, "ni mimi nawe tu tunaokijua Kiswahili. Hawa wengine wanabomoa."

Aliposema hawa wengine alimtazama Adrien.

Adrien alikuwa mkuu wa idhaa ya Kiswahili, na pia fundi wake, maana idhaa yenyewe ilikuwa watu wawili. Mtu mzima, mwenye mvi na koti moja la kahawia. Yeye ndiye aliyemleta Odette redioni, akamfundisha kupumua kabla ya nukta na kutochakarisha karatasi mbele ya kipaza sauti. Alikuwa baba wa ubatizo wa Honoré. Mshumaa wa ubatizo ule aliushika kwa mkono wake. Na kwa utepe hakuwa na mwenzake. Aliweza kukata kikohozi cha waziri kwa wembe, akaunganisha pande mbili kwa gundi ya karatasi, na waziri mwenyewe akaapa kwamba hakukohoa.

Siku ya tatu baada ya malori, Luteni alitaka habari ya Jabe iliyo shwari. Odette alikaa mbele ya taipureta kwa muda mrefu. Shwari gani? Shule ya mtaa ilikuwa na ubao, madawati na mbuzi wa jirani. Ndipo alipokumbuka meza ya mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaandika kosa kwa makusudi:

*Soko linaendelea kama kawaida. Mtaa wa Jabe umetoshwa walimu.*

Luteni aliweka kidole chini ya mstari.

"Umetoshwa walimu. Maana yake?"

"Walimu wapo wa kutosha, Luteni. Mtaa umetoshelezwa. Ni kauli ya kutendwa."

Adrien, aliyekuwa akifuta mashine kwa kitambaa, alisimamisha mkono.

"Kutosha, kutoshwa," Luteni alijaribu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kukiri mbele ya mwanamke huyu kwamba hajawahi kulisikia neno lilikuwa jambo asiloliweza. "Naam. Kauli ya kutendwa. Tulifundishwa. Kiswahili kizuri sana, bibi." Akatia sahihi.

Mchana ule Odette alisoma sentensi ile bila kubadili sauti. Jioni alipofika Jabe, watu hawakumcheka. Wanawake walimtazama tu wakatikisa vichwa taratibu. Mzee Hamimu, mshona viatu wa pembeni mwa soko, alimshika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Leo umesema Kiswahili yetu, mama. Tumesikia." Na si Jabe peke yake iliyosikia. Mitaa ambayo malori hayajafika ilisikia pia, na watu wenye kalamu mfukoni wakaanza kulala kwingine.

Akaendelea. Watu wa bandarini wametoshwa makarani. Shule ya ufundi imetoshwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Luteni alitia sahihi, na mara moja Odette alimsikia kwenye simu akiitumia kauli ile yeye mwenyewe, kwa madaha.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda Mutanga Sud na furushi la nguo chafu kichwani, kama mtu anayempelekea Candide kazi. Honoré alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa palepale.

"Kumbe we unajua kusema kama watu!" alimwambia. "Nilianguka kitandani. Odette mzima, binti wa masista, *umetoshwa walimu*! Mama anapaswa kuchinja jogoo."

"Nyamaza unisikilize. Usiamini ninachokisoma. Hali ni tulivu, wameanza kurudi kazini, serikali inawaomba, yote hayo ni ya Luteni. Neno langu ni moja tu. Ukinisikia nasema *kutosha*, hapo ni mimi ninayesema, na ni kweli. Lisipokuwepo hilo, kaa ndani. Hata nikikuita kwa jina."

"Na kama njia ikifunguka?"

"Utasikia. Nitalitafutia nafasi."

Honoré aliinua kiredio chake kidogo akakibusu kama msalaba. "Basi nitoshwe mapema, dada. Candide ananifundisha kupiga pasi."

Odette alicheka mpaka akaona aibu kucheka.

Siri ile hakumwambia mama yake, aliyeamini Honoré amechukuliwa na wenzake, kwa sababu mama hakuweza kuficha furaha wala woga. Alimwambia mtu mmoja. Siku moja walipobaki wawili kwenye chumba cha mashine, Adrien aliuliza bila kumtazama, "Mutoto yangu yuko muzima?"

"Mzima, baba."

"Usiniambie iko wapi. Apana. Sitaki kujua."

"Sitakwambia. Lakini ananisikiliza. Anangoja neno lile. Mengine yote nimemkataza kuyaamini."

"*Kutosha*."

"Hilohilo."

Adrien alifanya ishara ya msalaba, akamshika bega. "Mungu akulinde, mutoto," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Odette alirudi nyumbani siku ile akiwa mwepesi, kwa sababu mzigo unaobebwa na wawili si mzigo.

Halafu ikaja amri ya tepe. Msomaji wa Kirundi, mtu mpole, alisoma hewani kwamba nchi nzima ni shwari, kisha akashusha pumzi. Pumzi moja tu, ndefu, iliyotoka mbali. Nchi nzima iliisikia, na yeye hakuonekana tena. Kuanzia hapo Luteni alipiga marufuku kusoma moja kwa moja. Kila habari irekodiwe asubuhi, isikilizwe, ndipo irushwe mchana. Odette hakujali. Neno lake lilipita kwenye utepe vilevile. Zaidi ya hayo, sasa saa za mchana zilikuwa zake, na aliweza kukaa na mama yake sokoni.

Hapo ndipo alipokuwa Alhamisi ile, akikunja vitenge, wakati redio za soko zilipofunguliwa zote pamoja kama ilivyo desturi. Redio ya muuza unga, redio ya kinyozi, redio ya Mzee Hamimu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Na sauti yake mwenyewe ikatoka katika kila upande.

Alisikiliza nusunusu, maana aliyajua. Ziara ya ujumbe. Mvua za mwisho. Kisha sauti yake ikasema:

"Walimu wa Jabe wametoshwa gerezani asubuhi ya leo. Wamerudi nyumbani kwao salama."

Mikono yake ilisimama juu ya kitambaa.

Hakusema maneno yale. Asubuhi ile alirekodi habari ya saruji. Lakini sauti ilikuwa yake, hata ile namna ya kubana kidogo herufi ya *sh*. Na katika kupepesa jicho alielewa, maana neno *gerezani* lilikuwa na mafua. Alilisoma mwezi wa tatu, alipokuwa mgonjwa, katika habari ya wezi wa baiskeli. Neno *wametoshwa* lilikuwa la juzi, lile la bandarini. *Salama* lilikuwa la Krismasi. Lilikuwa na tabasamu ndani yake. Sentensi nzima ilikuwa imeshonwa kama blanketi la viraka, na mshono wake haukuonekana. Bujumbura nzima kulikuwa na mkono mmoja tu wa kushona vile.

Soko lililipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Muuza unga alimrukia Odette shingoni akamwachia alama nyeupe. Mama yake alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Ametoshwa! Mutoto yangu atarudi! Umesema *ametoshwa*, umelisema lile neno!"

"Mama, si mimi."

"Nini?"

"Sikusema hivyo. Wamekata sauti yangu wakaiunga. Ni uongo, mama. Waambie watu wasitoke."

Béatrice alimtazama binti yake, kisha akaitazama redio ya Hamimu, kisha akamrudia binti yake. Mtu angedhani anachagua kati ya mashahidi wawili.

"Nimekusikia na masikio yangu," alisema. "Nilikuzaa mi. Unataka kuniambia sijui sauti yako?"

"Ni sauti yangu, lakini—"

"Anaogopa," alisema muuza unga kwa huruma. "Amesema kweli huko, sasa anaogopa wanajeshi. Muache, mama Honoré. Ni mutu na damu yake."

Odette hakungoja. Honoré hakuwa gerezani. Honoré alikuwa Mutanga Sud na kiredio chake, na neno alilopewa la kuamini limetamkwa.

Alipanda mji kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, viatu mkononi. Njiani watu walimtambua, wakainua mikono. "Asante, dada Odette!" Karani mmoja wa posta aliyekuwa akimsalimia kila siku alilia barabarani. Kila asante ilimpiga kama jiwe. Alipofika, kamba ya Candide ilikuwa tupu, na Candide mwenyewe amekaa juu ya beseni lililofunikwa, uso umemng'aa.

"Mumepishana!" alisema. "Amekwenda nyumbani. Nilimwambia angoja jioni, akasema apana, dada yangu amesema. Amejipigia pasi shati mwenyewe, we! Alipita njia ya chini, ile ya kufuata mito."

"Candide, aliondoka lini?"

"Aliposikia tu, alikwenda. Alikuwa anaimba." Kisha Candide akauona uso wa Odette, na mng'ao ukamwisha. "Kuna nini?"

Odette alikwisha geuka.

Kati ya Mutanga na Jabe kuna Rohero, na Rohero kuna redio. Angeweza kupita kando. Lakini alifikiri hivi: Honoré akiwa bado njiani, kiredio kikiwa mkononi, dakika moja ya kipaza sauti itamfikia kabla ya miguu yangu. Na kama hayumo njiani, wapo wengine. Akaingia mlango wa mbele, akampita askari aliyemzoea, akafungua chumba cha mashine.

Adrien alikuwa amekaa. Mezani kulikuwa na wembe, na vipande vya utepe vilivyokatwa vimejaa sakafuni kama nywele za kinyozi.

"Nirushe hewani," alisema Odette. "Sasa hivi. Sentensi moja."

"Funga mlango, mutoto."

"Baba, nirushe! Ametoka. Ametoka kwa ajili ya sentensi yako."

Adrien hakuuliza ni nani. Alifunika uso kwa viganja, na sauti yake ikatokea nyuma ya vidole. "Walijua kuna kitu. Mutu fulani wa mtaani aliwaambia neno linapita kwenye Kiswahili. Hawakujua ni lipi. Luteni aliniuliza."

"Akakupiga?"

"Apana."

"Akakutishia nini? Watoto?"

Adrien alitikisa kichwa. Angeweza kudanganya, na Odette angemshukuru kwa uongo huo.

"Aliniuliza mara moja tu," alisema. "Mara moja, Odette. Na mi nikajibu. Hata swali la pili halikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa la pili."

Mlango wa ndani ulifunguka akaingia Luteni Astère, na kwa mara ya kwanza Odette alimwona amekasirika. Hasira yake haikuwa ya mshindi. Alikuwa kama mtu aliyechekwa harusini.

"Kauli ya kutendwa," alisema. "Nimeitumia mbele ya kamanda wangu! Nimemwambia kambi imetoshwa askari. Alidhani wametoroka! Nilikuheshimu, bibi. Nilisema huyu ndiye mwenye lugha. Kumbe unaongea lahaja ya sokoni ukanifanya mimi mjinga."

"Warudishe watu ndani," alisema Odette. "Sema tangazo lilikosewa. Nitalisoma mimi. Nitasoma chochote unachotaka mpaka nife."

"Kusoma?" Luteni aliitazama rafu ya ukutani, ambako tepe za Odette zilijaa miaka yote ya kazi yake, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wa Adrien. "Hatuhitaji usome. Mzee huyu anasema ana maneno yako karibu yote. Anachokosa ni *msamaha*, naye anasema atalitafuta. Nenda nyumbani ukapumzike."

Odette alimtazama Adrien, akangoja. Aliyemfundisha kupumua hakupumua. Aliokota kipande cha utepe sakafuni, akakiangalia kwenye mwanga, akakiweka mezani pembeni ya vingine.

Hakuna mtu aliyemshika alipotoka. Hilo ndilo lililomuuma barabarani kuliko yote: hawakuona haja.

Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye mdomo wa soko la Jabe, pale ambapo njia ya mito inatokea. Lilikuwa tayari limeondoka Odette alipofika. Zilibaki alama za magurudumu, na watu waliosimama mbalimbali bila kusogeleana. Mama yake alikuwa amekaa chini katikati ya vitenge vyake. Hakuwa akilia.

"Nilimuona," alisema Béatrice. "Alitokea pale. Aliniona na mi, akainua mukono hivi. Shati yake ilikuwa nyeupe. Nikamuita kwa sauti. Nikamuita kwa jina." Alikunja kona ya kitenge. "Walikuwa hawajui ni nani, Odette. Ni mi nilimuita."

Odette alipiga magoti amshike, lakini mama yake alimsukuma kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu.

"We ulisema ametoshwa. Kwa nini ulisema?"

Odette aliinuka.

Jabe ni mtaa usio na siri ya tumbo. Kila mtu alijua ni nyumba ipi inapika ugali mkubwa kuliko idadi ya midomo yake, kwa ajili ya mtu aliyefichwa. Odette alipita nyuma ya nyumba, kwenye vichochoro vya maji machafu ambako askari hawakupenda kuchafua viatu, akabisha hodi milango ile mmoja mmoja. Hakukuwa na muda wa kuchagua maneno. Alisema kama alivyozaliwa akisikia. "Musitoke. Ile ya redio ni uongo. Batu ba lori balikuwa pale sokoni. Wamemukamata Honoré. Musitoke!" Wengine walielewa haraka, walikuwa wamesikia lori. Mmoja alimfungia mlango usoni akidhani ametumwa. Jua lilikuwa linashuka juu ya milima ya Kongo, na saa ya kutotembea ilikaribia, lakini haijafika. Bado mtu aliweza kutoka nyumbani kwenda nyumbani.

Mlango wa mwisho wa kichochoro ulifunguka kabla hajaugonga. Alisimama pale mwanamume wa makamo, mfuko wa nguo begani, amenyoa ndevu upya na kujikata kidevuni. Odette hakumfahamu. Nyuma yake, katika giza la chumba, Spès mjane muuza mkaa alikuwa akimshauri angoje.

"Samahani, dada," alisema mwanamume kwa upole. "Unipishe. Ninakwenda Bwiza kwa mke yangu. Tangu malori sijamuona."

"Usitoke! Ile habari ni ya uongo. Walimu hawajarudi."

"Apana, wamerudi. Odette wa redio amesema."

"Mi ndiye Odette wa redio!"

Mwanamume alimtazama: miguu mitupu yenye matope, kitenge kilicholegea, unga mweupe shingoni. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mlevi wa watu.

"Odette hasemi hivyo," alisema. "Ninamusikilizaka kila siku, Odette. Ule ni mwanamke wa masomo. We unasema kama sisi."

Odette alivuta pumzi kabla ya nukta, kama alivyofundishwa. Alinyoosha mgongo. Na hapo kichochoroni, kando ya mtaro, kwa sauti aliyoichukia sasa kuliko kitu chochote duniani, alisema: "Wasikilizaji wapenzi, hii ni idhaa ya Kiswahili. Nawasalimu popote mlipo. Tangazo lililosomwa mchana wa leo kuhusu walimu wa Jabe halikuwa la kweli."

Mwanamume alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha upande. Kisha akacheka, kicheko kizuri cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi.

"Unamuiga vizuri sana!" alisema. "Spès, umesikia? Ungeomba kazi kule, dada." Na akarekebisha mfuko begani ili apite.

Maneno yakamwisha Odette. Yote: ya masista, ya redio, ya sokoni. Kwa hiyo alikaa. Alikaa palepale kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu moja ya mlango, akainyoosha miguu yake mpaka nyayo zikagusa fremu ya pili.

Mwanamume aliinua mguu, akaurudisha chini.

Hakuna mtu wa Bujumbura, awe wa mlimani au wa ng'ambo ya ziwa, anayemruka mwanamke miguu. Kila mmoja aliambiwa na mama yake, na mama wa mama yake: ukimruka mtu umemfunga, umemkatia kizazi, umejiletea laana usiyoijua.

"Dada, kunja miguu."

Odette alitikisa kichwa.

"Ninakuomba. Saa inakwenda. Ikilia ile ya kutotembea sitaweza tena kufika."

"Ninajua."

"Spès, mwambie huyu mutu akunje miguu!"

Spès hakumwambia. Alikuja akakaa chini, ndani ya chumba, akiwatazama wote wawili, na baada ya kitambo naye akainyoosha miguu yake sambamba na ile ya Odette.

Mwanamume alisimama juu yao na mfuko wake. Alitukana kidogo, kwa Kirundi, kisha akaomba radhi. Alimwita Odette mwendawazimu, akamwita mama, akamwahidi kitenge. Miguu ilimwuma Odette kwa mwendo wa Mutanga, lakini hakuikunja. Kutoka upande wa Rohero king'ora kilianza kulia, kikapanda, kikatanda juu ya mabati ya Jabe, na milango ya kichochoro ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Mwanamume akaweka mfuko chini.